Kompyuta ya gemu inayoingia kwenye begi: Mwongozo kwa kijana wa Kisumu asiyetulia mahali pamoja

Jumatatu hadi Alhamisi uko Bondo au Maseno kwa masomo. Ijumaa jioni uko Kondele kwa shangazi. Likizo ikifika unavuka na feri hadi Mbita kumsaidia mzee, na mwezi ujao kuna mashindano ya gemu Nairobi ambayo umeapa hutayakosa. Kompyuta yako ya mezani nayo imelala chini ya kitanda, kubwa kama friji ndogo, kwa sababu hakuna kondakta atakayekubali kuibeba bila kukutoza nauli ya mtu wa pili.

Kama maisha yako yanafanana na hayo hata kidogo, makala haya ni yako. Inawezekana kujenga kompyuta ya gemu inayoingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nguo zako za wikendi. Lakini pesa ni zako na zimetoka kwa jasho, kwa hivyo tuanze na swali ambalo muuzaji hatakuuliza.

Je, unaihitaji kweli?

Kama gemu yako ni kandanda tu na unaicheza kwa simu, au huwa unalipia mechi mbili tatu kwenye kibanda cha PlayStation mtaani, bado hujafika hapo. Endelea kufurahia, weka akiba.

Kama mahali unapoenda mara nyingi hakuna stima ya kutegemewa, nunua laptopu. Laptopu ina betri na skrini yake, na hakuna kasha dogo litakaloishinda kwa hilo.

Kasha dogo linakufaa wewe ambaye unazunguka kati ya sehemu mbili au tatu zilezile, zote zina stima, na kompyuta hiyo utaitumia kwa kazi pia: kuhariri video, kuchora kwa Blender, kuandika programu, kutengeneza mabango ya harusi na matanga. Faida yake ya kwanza ni kwamba ikiharibika, unabadilisha kipande kimoja tu. RAM ikifa, unanunua RAM. Laptopu nyingi za gemu zina kadi ya grafiki iliyochomelewa kwenye bodi, ikifa hiyo, umeumia.

Faida ya pili ndiyo siri ya mpango wote huu: acha skrini mbili, beba kasha moja. Skrini kuukuu za ofisi, zile zinazoitwa ex-UK, ni rahisi kupata na hazina makuu. Weka moja kwa chumba chako cha chuo na nyingine nyumbani, kila moja na kibodi yake ya bei nafuu. Ukisafiri unabeba kasha, waya wa umeme na kipanya chako. Kama hata hiyo haiwezekani, TV yoyote yenye tundu la HDMI itakubali kompyuta yako.

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi ya ex-UK

Hii ndiyo njia ya mwenye mfuko mwembamba. Ofisi za ng'ambo hutupa maelfu ya kompyuta ndogo kila baada ya miaka michache, nazo hufika kwa maduka yetu. Majina utakayokutana nayo ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Kila moja ina saizi zake.

Saizi ndogo kabisa, kwa mfano OptiPlex Micro, ina urefu wa takriban milimita 182, upana 178 na unene wa milimita 36. Uzito wake ni zaidi kidogo ya kilo moja. Inaingia begini kama kitabu kinene. Shida ni kwamba haina nafasi ya kadi ya grafiki ya kawaida, kwa hivyo utacheza gemu nyepesi na za zamani tu.

Saizi inayofuata, ile inayoandikwa SFF, ni bapa, takriban milimita 290 kwa 293 kwa 93, na ina uzito wa kilo tano hivi. Hii inakubali kadi ya grafiki ya kimo kifupi. Tafuta kadi inayokula umeme kutoka kwa bodi pekee bila waya wa ziada, maana pawa saplai ya ofisi haina nguvu nyingi. Mipaka ya tundu hilo ni wati 75. Radeon RX 6400 inakula wati 53 na ni nyembamba, ila hutumia njia nne tu za mawasiliano na hivyo hupoteza kasi kidogo ikiwekwa kwenye bodi za zamani. GTX 1650 ya kimo kifupi inafika wati 75 na ni nene, huchukua nafasi ya matundu mawili. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mapema 2024, inakula wati 70. Kabla ya kununua yoyote, fungua kasha, pima nafasi kwa rula, na usome kibandiko cha pawa saplai.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi wanaweza kuingizwa mjini. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Ndiyo maana soko limejaa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa bei tamu. Gemu kama Valorant hukataa kabisa kuwaka kwenye Windows 11 isiyo na TPM 2.0.

Kujua kizazi ni rahisi. Soma jina la prosesa na, kama nambari yake ina tarakimu nne, uangalie tarakimu ya kwanza baada ya kistari. i5-6500 ni kizazi cha sita. i5-8500 ni cha nane. Muuzaji akikwambia "hii ni i7 boss, ni moto," muulize i7 ya ngapi. Kwa Dell, OptiPlex 7050 ni ya kizazi cha sita na saba, 7060 ni ya kizazi cha nane. Kwa HP, anza na EliteDesk 800 G4.

Njia ya pili: kasha la lita mbili

Hii ndiyo inayomfaa zaidi msafiri, na kama ungeniuliza uchague ipi, ningekuelekeza hapa. Kampuni ya ASRock hutengeneza kasha linaloitwa DeskMini X300. Ni milimita 155 kwa 155 kwa 80, yaani lita 1.92, chini ya mtungi mdogo wa maji ya kunywa. Linakuja na bodi na chaja ya nje ya wati 120 na volti 19, kama ya laptopu. Wewe unaongeza prosesa, RAM, SSD na kipoza joto.

Hakuna nafasi ya kadi ya grafiki, kwa hivyo unatumia prosesa yenye grafiki ndani yake. Ryzen 5 5600G ndiyo chaguo la kawaida: kiini sita, wati 65. Ilizinduliwa Agosti 2021 kwa dola 259. Hiyo ni prosesa ya miaka kadhaa sasa, kwa hivyo anayekuuzia kwa bei inayozidi hiyo aeleze kwa nini. Itakuchezea Valorant, Counter-Strike, Dota 2 na GTA V ukishusha mipangilio ya picha. Ukitaka nguvu zaidi, kuna DeskMini X600 ya 2024 inayokubali Ryzen 7 8700G, iliyozinduliwa Januari 2024 kwa dola 329. Usichanganye: 8700G haiingii kwenye X300, soketi ni tofauti.

Kuna jambo moja zuri sana hapa kwa mtu wa Kisumu. DeskMini hutumia RAM ndogo za laptopu. Maana yake ni kwamba fundi yeyote wa laptopu, awe Oginga Odinga Street au kwenye kijiduka cha Bondo, ana spea yako kwenye droo. X300 inataka DDR4, X600 inataka DDR5.

Nunua RAM mbili zinazofanana badala ya moja kubwa. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, hukopa ile ya kompyuta, na vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Gigabaiti 8 mara mbili zitakupa fremu nyingi zaidi kwa sekunde kuliko kipande kimoja cha 16. Na fanya hesabu mapema, kwa sababu bei ya RAM ilipanda duniani kote kuelekea mwisho wa 2025 baada ya viwanda kuelekeza bidhaa kwa vituo vya data vya akili unde. Kuna wakati mashine kuukuu iliyo na RAM tayari ndani yake inakuwa nafuu kuliko kuanza upya.

Mitego ni miwili. Kipoza joto kisizidi kimo cha milimita 46. Noctua NH-L9a ina milimita 37 na inaingia vizuri. Pili, X300 iliyokaa sana dukani inaweza kukataa 5600G hadi programu ya bodi isasishwe. Mwambie muuzaji aiwashe na prosesa yako mbele ya macho yako kabla hujalipa.

Njia ya tatu: nguvu kamili

Kuna wenye hamu ya Tekken 8 na gemu nzito za miaka hii. Tekken ni gemu yenye historia kwetu: mnamo 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU kwa sababu ya ustadi wake katika mchezo huo. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, inataka angalau kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski.

Kwa kundi hili kuna bodi ya Mini-ITX, ya milimita 170 kwa 170, iliyoanzishwa na kampuni ya VIA mwaka wa 2001. Inakaa kwenye kasha kama DAN A4-SFX la lita 7.2, ambalo lilichangiwa pesa mtandaoni na mashabiki mnamo 2016, na hutumia pawa saplai ndogo ya aina ya SFX. Ndani yake kadi ya grafiki ya ukubwa wa kawaida hulala sambamba na bodi, ikiunganishwa kwa waya bapa.

Ni mashine tamu, lakini sema ukweli na mfuko wako. Bodi ndogo ni ghali kuliko kubwa, pawa saplai ndogo vilevile, na kasha lenyewe huenda ukaliagiza nje na kulipa ushuru. Kama pesa hizo ni za karo, achana nayo. Anza na njia ya pili, fanya kazi nayo, ijilipe.

Barabara ndiyo adui

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 350. Kuna matuta, kuna mashimo, kuna dereva anayekimbizana na muda. Mtikisiko huo ndio unaoua kompyuta, kwa hivyo jenga ukiufikiria.

Usiweke diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Tumia SSD pekee, maana haina kitu kinachosonga. Kipoza joto kiwe kifupi na chepesi. Vile virefu kama jengo la ghorofa huvuta bodi kila gari linaporuka. Kama una kadi ya grafiki iliyosimama bila kushikiliwa upande wa pili, ing'oe kabla ya safari ndefu na uibebe kivyake, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Kaza skrubu zote, na beba bisibisi nyota ndogo, kwani zitalegea tu.

Kwenye gari, begi likae mapajani. Usikubali liende buti chini ya gunia la omena au juu ya kabati la basi ambapo litadondoka. Kwa feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, au mashua yoyote, funga kasha kwa sweta kisha kwenye mfuko wa turubai usiopenyeza maji. Wimbi moja tu linatosha.

Andika nambari ya siri ya kila kipande, piga picha, hifadhi risiti kwenye barua pepe. Ikiibwa, utahitaji hizo ukienda kuandikisha OB kituoni. Na hakuna haja ya kumwambia jirani wa kiti kilicho ndani ya begi.

Ukitoka kwenye baridi ya Limuru au Kericho ukashuka kwenye joto la Kisumu, usiwashe mashine papo hapo. Hewa yenye unyevu ikigusa chuma baridi hutoa matone, kama chupa ya soda inayotoka kwa friji. Ipe saa moja ipate joto la chumba.

Joto, vumbi na wadudu wa ziwani

Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30 mara nyingi, na kompyuta haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta. Kasha dogo lina nafasi ndogo ya kupumua. Liweke juu ya meza, usiliweke juu ya godoro, na liwe mbali na ukuta upana wa kiganja. Kwenye mipangilio ya gemu, weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Skrini nyingi za ofisi haziwezi kuonyesha zaidi ya hapo, kwa hivyo fremu za ziada ni joto la bure.

Halafu kuna wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi na kufuata taa usiku. Hawaumi, lakini feni huwavuta ndani, wanakufa na kushikana na vumbi hadi kipoza joto kinazibika. Ukiishi karibu na Dunga, Usenge au Mbita unajua ninachosema. Bandika wavu mwembamba mahali hewa inapoingilia, soksi ndefu ya nailoni iliyokatwa inatosha. Zima taa isiyohitajika dirishani. Kila mwezi fungua kasha na usafishe kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, huku umeshikilia feni kwa kidole isizunguke.

Stima ikienda na kurudi

Hatari kubwa si stima kupotea, ni jinsi inavyorudi. Mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, lakini hata bila tukio kubwa kama hilo unajua mtaa wako. Tumia kile kifaa cha kulinda TV, ambacho husubiri kidogo stima ikirudi kabla ya kuipitisha. Ni chepesi, kinaingia begini. UPS ni nzuri zaidi kwa sababu hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi, lakini betri yake ya risasi ni nzito, kwa hivyo iache nyumbani. Ukienda Uganda, plagi ni ileile yetu ya miguu mitatu.

Udogo una faida kwa tokeni pia. Mashine inayokula wati 100 ukicheza saa tano imekula nusu yuniti. Ile kubwa inayokula wati 400 imekula yuniti mbili kwa muda huohuo. Chukua bei ya yuniti kwenye ujumbe wako wa tokeni, zidisha kwa siku 30, kisha uamue nani ataelewana na mama mwenye nyumba.

Intaneti usiitegemee njiani

Data ya kimataifa kutoka Kisumu husafiri hadi Pwani ndipo iingie kwenye nyaya za chini ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Kwa hivyo pakua gemu na masasisho yake ukiwa mahali penye Wi-Fi nzuri, na kama unatumia Steam, jaribu hali yake ya kucheza bila mtandao ukiwa bado nyumbani. Ukigundua Mbita kwamba gemu inataka kusasishwa gigabaiti 30, wikendi imeisha.

Siku ya kuunganisha

Ondoa sweta ya sufu, gusa chuma cha kasha kujitoa umeme tuli, kisha fuata mpangilio huu: prosesa, RAM, SSD, kipoza joto na mafuta yake, halafu washa kabla hujafunga kasha. Ingia kwenye mipangilio ya bodi na uhakikishe inaona RAM zote mbili. Cheza saa nzima ukiangalia joto la prosesa. Likikaa kwenye nyuzi 90 na zaidi, kipoza hakijakaa sawa, kifungue ukirudie.

Kisha, kabla ya safari ndefu ya kwanza, fanya safari fupi. Panda matatu hadi Ahero na urudi, au hadi Maseno, kasha likiwa mapajani. Ukifika nyumbani lifungue, angalia skrubu gani imelegea na waya gani umechomoka, urekebishe. Afadhali ujue hayo kwa nauli ya Ahero kuliko kwa nauli ya Nairobi, zamu yako ya kucheza ikiwa imeitwa tayari.